Makohozi ya Mtu Mwingine

Kanisani kwetu Mbeya sijawahi kuwekwa kwenye kamati ya kupokea wageni, na sababu naijua: mdomo wangu hauna breki. Lakini walipotafutwa manesi wa kwenda Malawi kutibu wakimbizi kwa wiki moja, jina langu lilitajwa mapema, maana kambi ile inazungumza Kiswahili, na kwa kuongea mimi sijambo. Nikaomba likizo hospitalini kwetu, nikafunga begi, nikaaga.

Tulivuka mpaka pale Kasumulu tukiwa na maboksi ya dawa hadi chini ya viti. Tulipofika Lilongwe, mkuu wetu wa msafara, ambaye ni daktari na mtu mpole kupita kiasi, alishinda kutwa nzima Capital Hill akipanda ngazi za wizara hii na kushuka za ile, anatafuta kibali cha sisi kutibu. Wengine tulikaa ndani ya basi tukiwatazama watumishi wa serikali wakienda kula na kurudi. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayefuatilia kibali, tungerudishwa Mbeya siku hiyo hiyo.

Kambi inaitwa Dzaleka. Tulilala hosteli ya kanisa mjini, na kila asubuhi tulishika barabara kuu ya kaskazini, tukasimama Lumbadzi kununua mandasi za moto, ndiyo maandazi yao, kisha tukaiacha lami na kukata kuelekea kambini. Ilikuwa miezi ya baridi, na upepo wa pale unaingia hadi kwenye meno. Nyumba za matofali ya udongo zimebanana, na watu ni wengi, Mungu wangu: Wakongo wa Uvira na Fizi, Warundi, Wanyarwanda, wengine wamezaliwa humo humo na sasa wana watoto wao. Tulifungua kliniki ndani ya kanisa la wenyeji wetu Wakongo, juu mlimani. Dawa tulizipanga madhabahuni, wagonjwa tukawapimia nyuma ya mapazia.

Kazi yangu ilikuwa meza ya kwanza. Anayekohoa muda mrefu nilimpa kikopo chenye kifuniko, nikamweleza aende nacho nyumbani, asubuhi kabla hajatia kitu kinywani akohoe kutoka ndani kabisa, ateme makohozi humo, siyo mate, kisha alete. Bwana wetu wa maabara alikuwa ameweka hadubini yake kwenye chumba cha Shule ya Jumapili, chini ya picha za kondoo zilizochorwa na watoto.

Katika waliorudisha vikopo alikuwemo bibi mmoja mfupi, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, na kikopo chake amekifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba yai. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu jambo. Kwao Fizi hawana mambo ya shikamoo, na mimi nilikuwa bado sijazoea. Nikajiona nimenyimwa kitu. Alikabidhi kikopo kwa mikono miwili, akaondoka haraka bila kugeuka.

Mchana bwana wa maabara alitoka kwenye chumba chake akanivuta pembeni. Akasema vijidudu vya kifua kikuu kwenye kile kikopo cha bibi havihesabiki, vimejaa tele, na kama bibi huyo anaishi na watoto basi tumpate leo. Nikatuma watu wa kanisa wamtafute. Alikuja kesho yake, kwa miguu, kutoka upande wa mbali wa kambi, na kupanda ule mlima wa kanisani hakuhema.

Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamsikiliza tena, akanitazama. Kifua kilikuwa safi. Nikamkalisha bibi kwenye benchi karibu yangu, nikaendelea kuandikisha wagonjwa huku sikio liko kwake. Nimefanya kazi wodi ya vifua miaka mingi. Mgonjwa mwenye makohozi ya namna ile huwezi kusali naye Baba Yetu mpaka mwisho bila kumsikia. Huyu alikaa pale asubuhi nzima, ametulia, anawatazama watu, hata kusafisha koo hakusafisha.

Nikampeleka nyuma ya kanisa, nikampa kikopo kipya, nikamwambia akohoe nikiwa namwona. Alijitahidi, maskini. Alikohoa kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyependana naye, akatema mate meupe, safi kabisa, akanipa.

Hasira zikanipanda. Nimesafiri mchana na usiku, nimekula vumbi, halafu mtu mzima ananifanyia mchezo. Nikamwambia, "Bibi, yale ya jana ni ya nani?"

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila kuku. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwao, kama mimi ni mkristo kweli, au nimekuja na bakristo tu. Nikamjibu kwamba mimi ni vyote viwili, mkristo na nesi, na sasa hivi anaongea na nesi.

"Ni ya mutoto wangu," akasema. "Usiseme kwa bantu. Iko na safari."

Basi akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akikunja na kukunjua ile leso. Binti yake, mume wa binti na watoto wao watatu walikuwa wamepata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali, ng'ambo. Waliingia kwenye foleni hiyo tangu mtoto wa kwanza yuko tumboni. Wamehojiwa, wamehojiwa tena, wamepimwa afya Lilongwe, wakapita wote. Kilichobaki ni kuitwa kupanda ndege. Kikohozi cha binti kikaanza baada ya vipimo. Mwanzoni wakadhani ni baridi. Sasa shuka zinalowa jasho usiku, na mbavu zinahesabika. Akienda kwenye kituo cha afya cha kambi ataandikwa mgonjwa wa kifua kikuu, na mgonjwa wa kifua kikuu hapandishwi ndege. Ndipo bibi akasikia kuna wageni kutoka Tanzania wanapima kanisani.

Yeye mwenyewe hakuwa kwenye safari. Alibaki Fizi akilinda mashamba wakati binti anakimbia, akaja kambini miaka mingi baadaye, faili la wenzake limeshafungwa. Kwa hiyo alikuwa ameyapanga mambo kichwani mwake: makohozi ya binti yapimwe kwa jina lake yeye, dawa zitoke kwa jina lake yeye, binti azimeze nyumbani kwa siri, na siku ya ndege ikifika aondoke nazo kwenye mzigo.

"Mi siko mu dosie yao," akaniambia. "Mi nitabaki hapa tu. Muandike mi njo mugonjwa. Jina yangu inaweza kuharibika, haina shida."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Hasira zote ziliniisha. Nikamuuliza binti akishaondoka na watoto, yeye atabaki na nani. Akanijibu kwamba hilo siyo swali la hospitali.

Nikamweleza, na nilijitahidi kuwa mpole. Dawa hizi sisi hatunazo. Zinatolewa na serikali kwenye kituo cha afya, zinamezwa kila siku kwa miezi sita bila kuruka, na mwenye kadi anapimwa tena na tena. Binti akipanda ndege katikati, akakosa za kuendelea, ugonjwa utarudi na meno marefu zaidi. Na pale nyumbani kuna watoto wanalala naye kitanda kimoja. Bibi alisikiliza yote. Mwishoni akauliza kama nimemaliza, akajifunga leso, akashuka mlima.

Mkuu wetu nilimweleza jioni ile ile ndani ya basi. Alifunga macho muda mrefu, nikadhani amelala. Akasema hatuwezi kuandika uongo, na hatutakwenda kumshtaki mama wa watu kwenye ofisi yoyote kabla hajasema mwenyewe. Inabidi aende kwa miguu yake, na kabla hatujaondoka. Akanigeukia akasema kazi hiyo ni yangu, si nasemaga kwa kuongea sijambo? Hapo ndipo nilipojua kwamba hata wapole wana kisu chao.

Kesho yake nikachukua kabaza, baiskeli za kukodi za huko, nikaenda hadi kwa binti. Nilisikia cherehani kabla sijaiona nyumba. Alikuwa fundi, mzuri tu. Ukutani zilining'inia nguo za watoto zilizoshonwa kwa safari, zenye bitana nene, maana waliambiwa huko kuna baridi ya kuua. Pale kambini mtu akipata safari hatangazi. Anashona kimya kimya, anauza kitanda kimya kimya, kwa kuogopa jicho la jirani. Bibi alikuwepo, ananitazama kama mimi ndiye niliyekuja kuuza kitanda chenyewe.

Binti alikuwa mwembamba, macho makubwa, uso unang'aa kwa mafuta. Tukiwa bado tunasalimiana kifua kikamshika. Hakuziba mdomo. Aliinama juu ya cherehani, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, sindano ikaruka hewani bila kitambaa, na ile kelele ikameza kikohozi chote. Jirani wa ukuta wa pili hawezi kusikia kitu ila fundi yuko kazini. Alipomaliza akafuta mdomo kwa pindo la kitenge, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilianza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yeye akawa anatikisa kichwa, anasema ni mafua tu, ni vumbi la vitambaa, mama yake amezidisha. Mumewe, fundi viatu, mtu wa kimya, alisimama mlangoni akasema hilo ni jambo la mke wake, yeye atafuata atakaloamua.

Ndipo mtoto wao wa mwisho, wa kike, akaingia mbio kutoka uani. Alikuwa na umri wa kuanza kusema sana, shavu moja limepakaa ugali, ambao kule wote wameshajifunza kuuita nsima. Kikohozi kilimkuta katikati ya chumba. Badala ya kwenda kwa mama yake, alikimbilia cherehani, akaweka kile kimguu chake kwenye pedeli, akakanyaga, akakohoa humo humo ndani ya kelele. Halafu akatoka kuendelea kucheza.

Hakuna aliyemfundisha. Sote tulimwona. Bibi aligeuza uso ukutani.

Binti alisema, "Nikisema niko na kifua batatuondoa ku ndege. Unajua tumengoja namna gani?"

"Watakusogeza mbele tu," nikamwambia. "Ni miezi sita. Utameza dawa, utapona, utapanda ndege ukiwa mzima. Ndege hazitaisha, mdogo wangu."

Nililisema neno hilo kwa moyo wangu wote, na nililiamini. Wote wa msafara wetu waliliamini, na hata wale wa kituo cha afya walimwambia hivyo hivyo. Nani angewaza vingine?

Binti alichukua gauni moja dogo lililokuwa mapajani, akakata uzi uliobaki kwa meno. Akasema atakwenda, ila siyo peke yake, niende naye. Bibi alitoka nje na ndoo, na kisima siku ile kilikuwa kimefungwa.

Tulikwenda kituo cha afya, akajiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Kisha ikabidi watoto wapigwe picha za kifua Lilongwe, wakaombewa kibali cha kutoka kambini, tukasafiri nao kwenye basi letu, madirisha yote wazi na mama mtu amevaa barakoa. Picha zilitoka safi. Hata yule mdogo, mafua yalikuwa mafua kweli. Walimpa dawa ya kumkinga. Nilifurahi hadi nikamkumbatia mpiga picha, ambaye hakuzoea.

Wakati wa kurudi dereva alikuwa na shughuli Mchesi, basi tukashuka kula. Mchesi ni mtaa wa pilikapilika, vibanda vimeshikana, mitumba, redio, mahindi ya kuchoma. Tulikaa nje kwenye benchi penye upepo, tukaagiza nsima na usipa, dagaa wa ziwa lao. Binti alikaa upande wake peke yake, sahani yake mapajani. Kifua kikamshika. Alishtuka, akatafuta pedeli kwa mguu, nikaliona hilo, mguu ukapapasa vumbi. Halafu akakumbuka kwamba pale hakuna anayemjua. Akawapa watu mgongo, akakohoa waziwazi, akakohoa mpaka kikaisha, machozi yakimtoka. Aliporudi kukaa alikuwa anacheka. Aliniambia alikuwa amesahau kikohozi kina raha gani mtu akikiachia. Watoto nao wakacheka, basi tukacheka wote pale Mchesi kama watu wasio na shida.

Wiki yetu ikaisha. Kulikuwa na ibada ya kuagana, kuku, picha, zawadi za vitenge. Binti na mumewe walikuja. Bibi hakuja kutuaga.

Nikiwa Mbeya binti alinitumia sauti kwenye simu, mara moja moja, bando likiruhusu. Jasho la usiku limekatika. Anakula. Mkojo umekuwa mwekundu kwa dawa, kama nilivyomwambia, asiogope. Halafu ikaja habari kutoka ofisi ya safari. Walipewa mambo mawili wachague: familia nzima isubiri, na hakuna ajuaye foleni itawafikia tena lini, au baba na watoto watangulie, mama awafuate akimaliza dawa. Waliongea wao kwa wao siku nyingi. Hawakuniuliza, na ninawashukuru kwa hilo. Siku walipoamua alinitumia sauti fupi, imetulia kabisa.

"Miezi sita ni kidogo," alisema. "Mutoto anaweza kulia miezi sita, hatakufa."

Aliwasindikiza hadi basi lililokuja kuwachukua. Wavulana wawili walijikaza. Yule mdogo alishika shingo ya mama yake, ikabidi baba amwondoe kidole kimoja kimoja. Walimweleza kwa namna mtoto anavyoweza kuelewa: mama anakohoa, ndege haipendi mtu anayekohoa, kikohozi kikiisha mama anakuja. Mtoto aliuliza kitaisha lini. Wakamwambia karibuni.

Alikuwa amebakiza dawa za wiki chache tu pale nchi ile ilipofunga mlango kwa wakimbizi. Siyo yeye peke yake. Kambi nzima ilipigwa. Watu waliokuwa wameshauza magodoro wakalala chini, na wengine walirudishwa wakiwa wameshaaga. Mimi nilisikia kwenye redio, nikiwa jikoni nasonga ugali. Niliuacha ukaungua. Mume wangu aliingia akauliza kuna nini, nikamfokea, halafu nikalia. Nilishika simu nikitaka kumtumia sauti yule binti, nikashindwa neno la kuanzia. Yeye naye hakunitumia.

Wapo walioniambia nijilaumu, na wapo walioniambia nisijilaumu, na wote niliwaambia waniache. Sijilaumu. Mtu ana kifua kikuu, ana watoto kitandani, unamwambia akatibiwe. Kesho nikimkuta mwingine nitamwambia hivyo hivyo. Lakini inauma, jamani. Inauma pale pale ambapo nilikuwa sahihi, na sina mahali pa kuipeleka. Waliofunga mlango hawakumjua binti wala hawatamjua. Alipimwa na kupasishwa na kuhojiwa kuliko bibi harusi yeyote, na mwisho wake hakuna hata mtu wa kumgombeza.

Mwaka uliofuata msafara ulirudi Dzaleka. Nilitaka kukataa, mkuu wetu akanitazama kwa ule upole wake, nikafunga begi.

Binti alikuja kliniki siku ya kwanza. Alikuwa amenawiri, shavu limejaa, hata mwendo umebadilika. Hakuwa anaumwa. Alisema amekuja nimwangalie. Daktari alimsikiliza kifua, kisha mimi mwenyewe nikaomba vile vipira vya masikioni nikamsikiliza, mbele na nyuma. Hewa iliingia na kutoka bila kikwazo. Nikamwambia amepona kabisa. Akajibu, "Ndiyo, mama, nimepona," akajifunga blauzi taratibu, akaenda zake.

Jumapili, kwenye ibada ya mwisho, kulikuwa na ushuhuda. Huwa tunawaomba waliopona wasimame waseme, na mkuu wetu anarekodi kwa simu tuwaonyeshe waliotuchangia nyumbani. Mchungaji akamwita yeye. Alisimama akashuhudia vizuri sana: alikuwa mgonjwa wa kifua, Mungu akatuma wageni, sasa ni mzima, Bwana asifiwe. Kanisa likaitika Amina, vigelegele vikapigwa. Hakuongeza neno. Alikaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Mkuu wetu akaninong'oneza kwamba hii watu wa Mbeya wataipenda. Nikamwambia huyo mama hajamaliza ushuhuda wake. Alinitazama, akaelewa, akashusha simu.

Baada ya ibada binti alinialika nyumbani. Cherehani ilikuwa pale pale, na ukutani nguo za watu wengine. Bibi alikaa mlangoni na lile koti lake, amepungua. Binti alipokwenda kuchota maji ya chai tukabaki wawili. Nilidhani atanisema. Nilikuwa tayari aniseme kwa yote, hata kunitukana.

"Ile wakati nilikuletea kikopo," akasema, "mudomo yangu ilikuwa inasema aende. Lakini kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu aniachie mutoto wangu. Sikumuambia mutu." Akavuta koti. "Mungu ameniachia. Mi nilisahau kumuomba na juu ya batoto bake."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, akauacha nikae nao.

Binti alirudi, akabandika maji, na simu ikaita. Kwetu ilikuwa mchana, huko kwa watoto asubuhi. Picha ilikataa, ikabaki sauti peke yake. Baba alisalimia. Wavulana walisalimia mbio mbio, mmoja akichanganya maneno ya huko, wakaenda zao. Kisha akaja yule mdogo. Nilimtambua kwa pumzi, maana alikuwa ameiweka simu mdomoni kabisa. Alieleza habari za theluji, na za paka wa jirani. Mama yake alikuwa anacheka, anaitika, anauliza paka ana rangi gani.

Halafu mtoto akauliza, "Mama, bado unakohola?"

Binti aliinua macho akanitazama, mimi niliyemsikiliza kifua siku ile ya kwanza. Nikaelewa papo hapo. Akimwambia amepona, mtoto atauliza mbona basi haji, na kwa swali hilo hakuna mtu Dzaleka nzima mwenye jibu.

Akaisogeza simu karibu na mdomo, akakohoa. Alikohoa kwa muda, kutoka ndani, vizuri, kama mgonjwa.

"Bado," akasema. "Bado kidogo."

"Kunywa dawa, mama."

"Ninakunywa, mutoto yangu. Kila siku ninakunywa."